Sura ya Sita: Hesabu Imetimia

Siku ya tatu mke wa dereva alifika kituoni kabla hata sakafu haijakauka maji ya kudekia, mtoto mgongoni. Hakuja kulia, alikuja kubisha.

"Afande, mume wangu si mwizi," alisema kabla hajaketi. "Mmemwandika mwizi. Futeni."

Inspekta, ambaye kituo kizima kilimwita Mama Pacha kwa ajili ya wale wawili aliowaacha kwa mama yake kila asubuhi, alimsogezea kiti kwa mguu. "Kaa kwanza, mdogo wangu. Jalada halifutwi kwa kupuliza."

"Nimekaa. Futeni."

Koplo, aliyekuwa kwenye kona akichapa taarifa ya zamu, alijikohoza ili asicheke.

Jalada lenyewe lilikuwa na kurasa nne tu. Jana asubuhi shirika moja la kimataifa la afya liliripoti kwamba gari lao namba nne, jeupe, lile la magurudumu makubwa, limetoweka pamoja na dereva. Ripoti ilitiwa saini na mkuu wa usalama wa shirika, mgeni mmoja mwenye shingo nene aliyewahi kuwa mwanajeshi huko kwao. Mji mzima ulimwita Bwana Usalama, naye alilijua jina hilo na lilimpendeza. Kwa ripoti yake, vituo vyote vya barabara ya mpakani viliarifiwa, na askari wawili walikuwa wanapita gereji hadi gereji wakitafuta gari linalobadilishwa rangi.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?" Mama Pacha aliuliza.

"Juzi asubuhi. Alikunywa chai amesimama. Akasema leo nitachelewa kidogo, lakini jioni nipo."

"Achelewe kwa nini?"

"Hakusema, na mimi sikumuuliza." Yule mama alishusha macho. "Mtoto alikuwa analia."

"Halafu?"

"Hakurudi. Jana nikaenda kazini kwao. Mlinzi akaniambia, shemeji, rudi nyumbani, wanasema ameingia mitini na gari. Nikasimama pale getini mpaka jua likaniunguza."

"Kazini wanamwitaje?"

"Kobe."

Koplo aliinua kichwa. "Kobe? Yule anayeendesha kama amebeba mayai? Afande, namjua huyo. Barabara nzima ya soko inampigia honi. Kobe aibe gari akimbie nalo? Mbona tungemkuta bado yuko getini!"

Utani ulimkatikia mdomoni alipomwona mke wa Kobe. Lakini Mama Pacha alichukua kalamu akauandika, kwani ndani ya utani ule kulikuwa na kitu.

Saa tatu walikuwa kwenye geti la shirika. Mlinzi alikuwa mtu mzima, sare yake imepigwa pasi mpaka kola inakata.

"Gari namba nne lilitoka saa ngapi juzi?"

"Saa tatu na nusu asubuhi, afande."

"Nioneshe ulipoandika."

"Sikuandika. Nakumbuka tu."

"Daftari si hili hapa?"

"Hili la wageni, afande. Gari likibeba mgeni naandika ni nani, anakwenda wapi, atarudi saa ngapi. Lisipobeba mgeni nafungua geti, basi. Ndio utaratibu tangu amri itoke."

Amri yenyewe Mama Pacha aliijua, kama mji mzima ulivyoijua. Wiki mbili nyuma, watu wenye silaha waliwasimamisha wageni wawili wa shirika jingine ng'ambo ya daraja, wakawashikilia siku nne. Tangu hapo hakuna mfanyakazi wa kigeni aliyeruhusiwa kuvuka daraja. Mjini walitembea kwa magari mawili mawili, na saa kumi na mbili jioni kila mmoja alitakiwa awe nyumbani na aitike kwenye redio.

"Na wenyeji je?"

"Wenyeji ni wenyeji, afande. Nani atahangaika kuteka dereva?"

"Alikata kulia au kushoto?"

"Kushoto."

Koplo na Mama Pacha walitazamana. Kulia ndiko mpakani, ambako askari walikuwa wanazimaliza gereji. Kushoto kulikuwa na soko, kisha daraja.

"Ulimwambia nani kwamba alikata kushoto?"

Mlinzi alinyoosha kola yake, ingawa ilikuwa imenyooka. "Hakuna aliyeniuliza."

Bwana Usalama hakushtuka. Aliwapokea ofisini, ramani ya mji ikiwa ukutani na mstari mwekundu mnene umechorwa juu ya daraja.

"Kushoto, kulia, mwizi hatoki kwa njia fupi," alisema kwa Kiswahili chake cha haraka haraka. "Amezunguka soko, akaingia barabara ya mpakani. Na sasa hivi nimepigiwa simu. Gereji ya mpakani ipo gari jeupe, nembo imekwanguliwa. Mnaona? Kazi imekwisha."

Koplo alitoka na simu sikioni. Mama Pacha alibaki, akiisoma fomu iliyokuwa juu ya trei ya karatasi pembeni ya meza. Ilikuwa fomu ya kuomba safari, ya juzi, saa mbili asubuhi. Mwombaji: daktari wa uzazi. Mahali: zahanati ya mlimani. Gari: namba nne. Dereva: Kobe, kwa jina lake la karatasini. Juu yake mhuri mwekundu: IMEKATALIWA.

"Hii ya nani?"

"Daktari wetu mpya. Anataka kuvuka daraja kwenda mlimani. Nikakataa. Kazi yangu ni kukataa, Inspekta. Mimi nikikubali mara moja tu, mama yake daktari atanipigia simu kuniuliza mwanangu yuko wapi."

Alilisema bila kujitapa, na Mama Pacha alimwamini.

"Na baada ya kukataa, nani alimwambia dereva kwamba hakuna safari?"

"Hakuna fomu, hakuna safari. Kila mtu anajua."

Koplo alirudi akitikisa kichwa. "Si lenyewe, afande. La gereji lina mlango mmoja nyuma, la kwao lina miwili. Tena limekaa pale tangu mwezi uliopita, kuku wametaga ndani."

Bwana Usalama aligeukia ramani yake ya ukutani.

"Mbali na gari, mmepoteza nini kingine?" Mama Pacha aliuliza.

"Kasha moja la kubebea chanjo. Analo yeye. Atauza."

"Naomba nione lilipokuwa linakaa."

Stoo ya dawa ilikuwa chumba chembamba chenye jokofu moja, friza moja na rafu zilizopangwa kwa mkono wa mtu mwenye subira. Makasha ya bluu yalikuwa matano, na nafasi ya la sita ilikuwa tupu. Mama Pacha hakuyagusa. Alifungua friza na kuanza kuhesabu pakiti za barafu, moja moja, vidole vikimfa ganzi. Kwenye mlango karatasi ilisema ishirini na nne. Alipata ishirini.

"Bwana Usalama, kasha tupu lina mnunuzi. Barafu ataiuza wapi?"

Mgeni yule alisogea, akatazama ndani ya friza.

"Mtu akipanga barafu nne ndani ya kasha, ana kitu kisichotaka joto, na anajua kitasafiri mbali." Alifungua jokofu. Hapo nako palikuwa na karatasi ya kutolea dawa. Mstari wa mwisho wa juzi ulikuwa wa saa tatu na robo: sindano za kuzuia damu kwa wanaojifungua, boksi mbili. Saini ilikuwa ileile ya kwenye fomu iliyokataliwa.

Sindano hizo Mama Pacha alizifahamu. Siku pacha wake walipozaliwa, alimsikia mkunga akiziita kwa sauti ambayo hakutaka kuisikia tena maishani. Alifunga jokofu polepole.

"Niitie daktari wako."

Daktari mgeni alikuwa binti mdogo, wiki ya tatu tu tangu afike. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limenyooshwa. Alipoona karatasi ya jokofu mikononi mwa polisi, alikaa kabla hajaambiwa akae.

"Nani alibeba boksi hizi mbili?"

"Dereva Kobe."

"Ulimtuma wewe?"

"Nilimwomba." Alimeza mate. "Muuguzi wa zahanati alipiga simu alfajiri, nami nikampigia Kobe ajiandae kwa safari. Kulikuwa na mama wa mapacha, uchungu umeanza, na sindano zimekwisha. Niliandika fomu, ikakataliwa. Nilikuwa nimesimama pale kwenye gari na kasha mkononi. Kobe akanicheka. Akasema, daktari, aliyefungiwa ni wewe, mimi sijafungiwa. Lete hilo kasha."

Bwana Usalama alisema neno moja kwa lugha yao. Daktari hakumtazama.

"Sasa nisaidie nielewe," Mama Pacha alisema, na sauti yake haikupanda. "Jana walipomwandika mwizi, wewe ulikuwepo. Ulijua alikwenda mlimani. Mbona ulinyamaza?"

"Kwa sababu alikuwa amerudi!"

"Ulimwona?"

"Hapana. Nilisikia. Saa kumi na mbili jioni, kwenye redio. Dada wa redio alisema hesabu imetimia, wote wako nyumbani. Nilikaa na redio mapajani nikiisubiri hiyo hesabu, afande. Nilipoisikia nikalala. Asubuhi wakasema gari limeibwa, nikafikiri amelichukua baada ya kurudi. Nikaona safari ya mlimani haihusiani, na nikisema nitafukuzwa kwa kuvunja amri." Alimgeukia Bwana Usalama, sasa uso umeanza kubadilika. "Hesabu ilitimia. Si ndiyo?"

Bwana Usalama alitazama sakafu.

"Hesabu ni ya wageni," alisema.

Ilimchukua daktari muda kuelewa. Mama Pacha hakungoja. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Chumba cha redio kilikuwa ghorofani. Ukutani palikuwa na ubao mweupe wa chuma wenye vibao kumi na kimoja vya sumaku, kila kimoja na jina la redioni la mgeni mmoja: Tai, Korongo, Mwewe, na wengine, wote ndege. Upande wa kushoto wa ubao uliandikwa NYUMBANI, wa kulia NJIANI. Vyote kumi na kimoja vilikuwa kushoto.

Dada wa redio alikuwa mwanamke mnene, mpole, miwani ikining'inia kwa uzi. Aliposikia wanauliza habari za juzi, alilisogeza daftari lake yeye mwenyewe, kama mtu aliyechoka kulikalia.

"Kobe ana jina hapa?"

"Madereva hawana, afande. Wanatumia la mgeni waliyembeba. Akiwa na Tai, yeye ni Tai."

"Na asipobeba mgeni?"

"Hana jina."

Mama Pacha alifungua ukurasa wa juzi. Mwandiko ulikuwa safi, wa mtu aliyesomea kazi yake. Saa tisa na dakika kumi alasiri: *Sauti isiyo na jina. Inaomba msaada. Haikujibiwa, kwa mujibu wa amri.* Saa tisa na nusu: *Sauti ileile. Inataja kona baada ya daraja. Haikujibiwa.* Saa kumi na robo: *Sauti ileile. Haisikiki vizuri.* Saa kumi na moja kasoro: *Mtu anabonyeza redio, hasemi.*

Baada ya hapo, saa kumi na mbili kamili: *Kumi na moja kati ya kumi na moja. Hesabu imetimia.*

Koplo, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, alivua kofia.

"Amri inasema sauti isiyo na jina isijibiwe," dada wa redio alisema. "Wale waliowateka wale wawili walitumia redio yao kuwavuta wenzao. Ndiyo maana. Nikaandika, nikapeleka nakala chini."

"Niliiona," Bwana Usalama alisema kutoka mlangoni. "Nikajua ni mtego. Kona baada ya daraja ndipo walipotekwa wale."

"Ulimtambua?" Mama Pacha alimwuliza dada wa redio.

Yule mama alivua miwani. "Miaka sita ananisalimia kila asubuhi kwenye ngazi. Ile ya kwanza nilishtuka, nikasema, mbona kama Kobe? Nikatazama ubao. Kobe hayuko ubaoni. Nikajiambia, masikio yangu yanazeeka." Aliifuta miwani kwa mkono wa blauzi. "Afande, usimwambie mkewe. Mwambie redio ya gari iliharibika."

Mama Pacha alifunga daftari, akalitia kwapani kama kielelezo. "Koplo, toa watu mpakani. Gari la polisi liende darajani sasa hivi."

Daktari alikuwa ameshashuka uani na mkoba wake. Alipofungua mlango wa gari la polisi, Bwana Usalama alimshika mkono wa shati.

"Ukivuka daraja, kesho unapanda ndege."

"Nitapanda," alisema, akaingia.

Bwana Usalama alisimama pale kidogo. Kisha alivua kitambulisho chake cha shingoni, akakiweka mfukoni, akaingia nyuma naye.

Kona ilikuwa mbali kidogo na daraja, mahali mvua ilipomega ukingo wa barabara. Alama za tairi hazikuwa za mtu aliyekimbia. Koplo alichuchumaa akazipima kwa hatua. "Alikuwa taratibu, afande. Ukingo ndio umemwacha." Chini, vichaka vilikuwa vimelifunika gari kiasi kwamba ukipita barabarani huoni kitu. Lilikuwa limelala ubavu, pua ikiwa imeelekea mjini.

Daktari alitangulia kufika. Alipiga magoti dirishani, mkono akaupitisha ndani, akautuliza pale shingoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mguu wa Kobe ulikuwa umebanwa chini ya usukani. Alikuwa ameufunga kwa mkanda wake mwenyewe, barabara, kama alivyofundishwa kwenye mafunzo ya shirika. Chupa ya maji ilikuwa tupu. Waya wa redio ulikuwa umezungushwa mkononi mara mbili ili usimponyoke.

"Lini?" Mama Pacha aliuliza.

Daktari hakutaka kusema. Alisema hata hivyo, kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta. "Leo. Alfajiri, au baadaye kidogo. Mwili haujakakamaa wote."

Bwana Usalama alikaa kwenye jiwe. Jana asubuhi, alipokuwa akitia saini ripoti ya wizi, mtu huyu alikuwa hai. Na jana mchana, na jioni pia. Mama Pacha mwenyewe alikuwa amepokea ripoti ile jana saa nne na kuituma mpakani kabla chai yake haijapoa. Hakumwuliza mlinzi wala mke. Alijua atakavyoliandika hilo kwenye taarifa: kwa jina lake na kwa saa yake.

Koplo alitoa kasha kiti cha nyuma. Ndani mlikuwa na maji ya barafu iliyoyeyuka na stakabadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Boksi mbili zimepokelewa zahanati, saa tano na dakika arobaini. Muuguzi alipopigiwa simu, alidhani ni pongezi. Mama yule alivuja damu sana, alisema, lakini sindano zilikuwa zimefika. Yeye mzima, na mapacha wazima. Dereva aligoma kula, akasema mkewe atanuna akichelewa.

Alasiri mke wa Kobe alikuwa bado kwenye benchi la kituo, mtoto amelala. Mama Pacha hakumwita ofisini. Alikwenda akaketi kando yake, bega kwa bega, akamweleza: alitumwa, alifikisha, alikuwa njiani kurudi, ukingo ulimomonyoka. Jalada la wizi limefungwa, sasa limefunguliwa jingine, na jina la mumewe liko ukurasa wa kwanza, upande wa aliyekosewa.

Yule mama alisikiliza bila kumkatiza. Alipolia, alilia bila sauti ili asimwamshe mtoto.

"Alikufa palepale?"

Koplo, aliyesimama karibu, alimtazama Mama Pacha. Neno moja tu lilihitajika, ndiyo, na hakuna mtu ambaye angelipinga.

"Hapana."

"Aliita?"

"Aliita. Mara tatu kwa sauti. Mara ya nne alibonyeza redio tu."

"Nani alimjibu?"

Mama Pacha alishika mkono wake. "Hakujibiwa, mdogo wangu. Walimsikia, wakaandika, hawakumjibu. Na mimi siku nzima ya jana nilikuwa namtafuta kwenye barabara ambayo hakupita."

Mke wa Kobe aliuacha mkono wake mle mle. Mtoto alijigeuza mgongoni, naye akalegeza mbeleko, akamhamishia mapajani, akamfuta jasho la shingo.

"Utaandika hivyo?" aliuliza. "Kama ulivyoniambia?"

"Nitaandika."

"Andika hapa basi. Nikiona."

Koplo akaleta kalamu.